Nilimwambia Gari Ni Nzima

SEHEMU YA SABA

Wiki iliyopita nilisimama pale nilipofunga boneti, nikafuta mikono kwa kitambaa, nikamwambia Mama Justa, "Gari ni nzima. Tembea nayo popote."

Kwa anayeanza kunisoma leo, nitasema kwa kifupi. Naitwa Eustaki, fundi magari wa Mazwi, hapa Sumbawanga. Nilifukuzwa gereji ya mjini baada ya kuunguza injini ya lori la mahindi. Nikakaa miezi minane bila mteja. Aliyeninyanyua ni Mama Justa, nesi mstaafu, yule aliyempokea mwanangu Sharon siku anazaliwa. Alinikabidhi gari lake mbele za watu waliokuwa wakinisema, akaniambia nilihudumie kama langu.

Gari lenyewe ni dogo. Injini ya silinda tatu, ina turbo, na chini ya kiti kuna betri ya pili inayoisukuma kidogo injini wakati wa kuondoka. Bintiye Jenifer alimtumia kutoka Dar es Salaam. Likisimama kwenye makutano linajizima lenyewe, ukikanyaga klachi linaamka. Watu wa Mazwi walicheka wakasema gari la mama linasinzia.

Injini za namna hiyo zina jambo moja ambalo nilikuwa silijui, na niliona aibu kuuliza. Mkanda wake wa taiming haukai nje pakavu kama tulivyozoea. Unakaa ndani ya injini na kuoga oili. Ukiweka oili isiyo yake, mkanda unavimba, unalainika, unaanza kumeguka chembe chembe. Chembe hizo zinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakuwa na oili tele, lakini haiwezi kuinywa.

Mimi nilimwekea Mama Justa oili nzito ya dumu mara tatu. Ile ile ninayoweka kwenye pikapu za dizeli.

Mara ya nne nikafungua injini kwa chini, nikakuta chujio limejaa chembe nyeusi. Nilimpigia Yonas, fundi mwenzangu mwenye mashine ya kupimia magari. Akaniambia, "Hiyo isitembee hata kwenda sokoni. Mkanda utoke, pampu itoke, injini yote isafishwe."

Kumwambia Mama Justa hivyo kulikuwa ni kumwambia kwamba aliyemharibia gari ni mimi.

Nikaosha chujio kwa petroli. Nikalirudisha. Nikamwambia gari ni nzima.

Hayo mliyasoma. Sasa sikieni nilivyovuna.

*

Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa kijijini Mollo, natengeneza mashine ya kusaga. Asubuhi ya baridi, ile ya mwezi wa sita ambayo vidole vinakataa kushika spana. Simu ikaita. Mke wangu, Luciana.

"Eustaki, Rhoda ameanza kutoka damu."

Rhoda ni mdogo wake. Ameolewa na Sebastiani, mkulima wa mpunga kule Muze, chini bondeni. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Nesi wa kule anasemaje?"

"Anasema aletwe hospitali mjini, haraka. Na kule hawajapata gari. Lakini usihangaike, sisi tumeshapata."

"Gari gani?"

"La Mama Justa. Niko naye hapa, ndiyo tunatoka mjini tumfuate Rhoda. Anasema si ulilitengeneza juzi."

Nilisimama na spana mkononi. Mwenye mashine akaniuliza kama nimepigwa na umeme.

Msomaji, pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Neno moja tu: shukeni. Wangeshuka, wangenilaani, wangetafuta gari jingine stendi. Luciana ni mke wangu, angenisamehe ndani ya mwaka. Mama Justa asingenisamehe, lakini angekuwa anatembea kwa miguu yake leo.

"Unanisikia?" Luciana aliuliza.

"Nakusikia."

"Mama Justa anauliza kama kuna kitu cha kuangalia njiani."

Nikaiweka spana chini.

"Mwambie aende polepole."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana.

*

Nilimwacha mwenye mashine na mashine yake imefumuliwa chini. Nikachukua bodaboda, nikamwambia twende Ntendo, na akinifikisha haraka nitamwongezea.

Njiani nilikuwa napiga hesabu za kifundi. Kutoka mjini mpaka Ntendo barabara haina shida, gari linaweza kuzima na likasimama salama kando. Lakini ukiacha lami Ntendo ukashika njia ya Muze, unafika mahali nchi inakatika. Ule ndio mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Unaliona bonde lote la Rukwa chini yako, na barabara inashuka kwa kujikunja, kona juu ya kona.

Kuna jambo jingine Yonas aliniambia kwenye simu ile. Wiki iliyopita sikuliandika. Niliona haya.

Aliniambia, "Na breki, Eustaki. Kwenye injini ile pampu inayoifanya breki iwe laini inakunywa oili hiyo hiyo. Zile chembe zikiingia kule, utakanyaga breki utadhani unakanyaga jiwe."

Nilijua. Siku ile nafunga boneti nilikuwa najua.

Dereva wa bodaboda aliniuliza mbona nampiga mgongoni. Sikuwa na habari kuwa nampiga.

*

Tulipofika Ntendo, nikaliona.

Lile gari dogo la bluu lilikuwa limesimama kando ya maduka, milango wazi. Luciana amekaa kwenye jiwe, kanga kichwani. Mama Justa amesimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akisimama wodini zamani.

Wazima. Wote wazima.

Nilimlipa bodaboda, akageuza. Nilitaka kulia, nikajizuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Eustaki. Nani kakuita?"

"Nimekuja tu, mama. Nilisikia mnashuka Muze."

"Basi umekuja wakati wake. Njoo uone. Taa nyekundu imewaka, ile yenye picha ya kibuyu cha oili. Nikasimama hapo hapo. Mimi sijui gari, lakini najua damu ikipungua mwilini mtu hakimbizwi."

Huyo ndiye Mama Justa. Miaka sitini na mitatu, miwani, na akili iliyotulia. Alifanya jambo ambalo madereva wengi hawalifanyi.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili imejaa mpaka alama ya juu.

"Ipo?" aliuliza.

"Ipo."

"Sasa kwa nini taa inawaka?"

Luciana alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sebastiani kapiga sasa hivi," alisema. "Anasema Rhoda hasimami tena. Anasema midomo imekuwa myeupe. Halafu mtandao ukakata."

Kwenye maduka pale kulikuwa na pikapu moja inapakia unga. Mama Justa alikuwa ameshamwuliza dereva wake. Alikubali kushuka Muze, ila amalize kupakia kwanza. Saa moja hivi.

"Saa moja Rhoda hana," Luciana alisema.

Mama Justa hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Nauliza wewe, fundi. Hii ikienda, itafika?"

Niliwasha. Injini ikaamka vizuri, laini. Taa nyekundu ikazima.

Nilijua kwa nini imezima. Injini ikipumzika, zile chembe zinaachia chujio na kuzama chini, oili inapita tena. Kwa muda mfupi. Dakika kumi, ishirini. Halafu zinavutwa upya.

"Mnaona?" nilisema. "Ni sensa tu ya taa, mama. Sensa za magari haya mapya zinasema uongo."

Luciana akashusha pumzi. Mama Justa akanitazama, akatazama ile pikapu ya unga, akanitazama tena.

"Una uhakika?"

"Nitaendesha mimi mwenyewe."

Nilijiambia huo ni ujasiri. Kwamba likitokea la kutokea, mkono wa fundi uwe kwenye usukani. Leo nimepata muda mrefu wa kulifikiria jambo hilo, na nawaambia haukuwa ujasiri. Ilikuwa njia nyingine ya kutosema.

Mama Justa alinipa ufunguo. Akazunguka, akakaa kiti cha mbele kushoto. Luciana akakaa nyuma. Mkoba wa Mama Justa ulikuwa mapajani, na ndani yake glavu, pamba na mkasi, vitu vyake vya kazini ambavyo hakuviacha hata baada ya kustaafu.

*

Sehemu ya kwanza ilikuwa tambarare. Nilikwenda polepole. Mashamba ya ulezi yalikuwa yamevunwa, barabara kavu.

Mama Justa alikuwa akimpanga Luciana. "Tukifika, wewe unakaa nyuma, unampakata kichwa. Miguu tunainyanyua juu ya mkoba wangu. Usimpe maji hata akiomba. Unaongea naye. Mtaje kwa jina, mwulize habari za nyumbani, asilale."

"Sawa, mama."

"Na usilie mbele yake."

"Sawa, mama."

Tulianza kushuka. Kona ya kwanza, breki ikashika. Kona ya pili, ikashika. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, sala ya kitoto, ya kuhesabu kona.

"Eustaki," Mama Justa alisema, "unatoka jasho."

"Joto, mama."

"Joto gani la Ufipa mwezi wa sita?"

Nikaukaza usukani.

Aliinama upande wangu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, Luciana asisikie. "Nimeuguza watu miaka thelathini na nne. Mtu anayeficha ugonjwa namjua. Kuna kitu hujaniambia kuhusu hili gari?"

Sijui nini kilinitokea. Labda ni kwa sababu hakukasirika. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Mama, juzi nilipofungua chini, kwenye chujio nilikuta—"

"Ulikuta nini?"

"Mkanda, mama. Mkanda wa ndani unamomonyoka. Nilikuwekea oili isiyo yake. Yonas aliniambia gari isitembee."

Akanigeukia taratibu. Nakumbuka miwani yake. Nakumbuka alifungua mdomo kusema.

Taa nyekundu ikawaka.

Kona ilikuwa mbele yetu, nikakanyaga breki. Ilishuka nusu, halafu ikagoma. Nikainua mguu, nikakanyaga tena.

Jiwe.

"Simamisha," Mama Justa alisema.

"Haikubali."

"Eustaki, simamisha gari."

"Breki haikubali, mama."

Nilisimama kwenye pedeli kwa miguu yote miwili. Gari lilipungua kidogo tu. Nikapiga gia ya pili, kisha ya kwanza, ili injini ituzuie. Injini ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye chuma. Tukaipita ile kona kwa tairi za upande mmoja, na tulipotokea upande wa pili, barabara yote ilikuwa ng'ombe.

Kundi la ng'ombe linapanda, na Wasukuma watatu nyuma yake na fimbo.

Kulia kwangu korongo. Kushoto mtaro na ukuta wa mlima.

Hapo hapo injini ikanoki. Ilikamata mara moja, kavu, kama mtu amechomeka nondo katikati ya mashine. Tairi za mbele zikaganda. Usukani haukuwa na maana tena. Gari likateleza kwenye changarawe, likaingia mtaroni, likapiga mwamba, likalala upande wa kushoto.

Upande wa Mama Justa.

*

Wale wachungaji ndio waliotutoa. Walivunja kioo cha nyuma kwa fimbo na mawe. Luciana alitoka mkono wake umening'inia. Mimi nilichanika paji la uso, basi. Aliyekuwa na kosa ndiye aliyetoka mzima kuliko wote.

Mama Justa walimtoa wa mwisho. Walimlaza kwenye nyasi. Damu nyembamba ilikuwa ikitoka sikioni. Mzee mmoja wa Kisukuma akavua shuka lake, akamfunika mpaka kidevuni, akaweka vidole chini ya pua yake.

"Anapumua," alisema. "Kidogo."

Nilimwita. Nilimwita tena. Luciana akaniambia niache.

Tulikaa pale, sijui muda gani. Halafu tukasikia lori linapanda kutoka bondeni, lori la mpunga, linakoroma kwa gia ndogo. Lilipotufikia likasimama. Sebastiani akaruka kutoka juu ya magunia.

"Luciana? Mnafanya nini hapa?"

Msomaji, Rhoda alikuwa juu ya lile lori.

Sebastiani hakutungoja. Simu ilipokata alikwenda barabarani, akasimamisha lori la kwanza lililopita, akamtandikia mke wake godoro juu ya magunia ya mpunga. Alikuwa akija mjini. Tungekaa nyumbani siku ile, sote watatu, Rhoda angefika bila sisi.

Na sasa lori lilikuwa limesimama kwa ajili yetu.

Kumpandisha Mama Justa juu kulichukua muda. Hakuweza kuinuliwa hovyo, shingo haikujulikana hali yake. Wachungaji walikata miti miwili, wakafunga shuka, wakatengeneza machela. Mara ya kwanza machela ikaachia. Wakafunga upya. Dereva wa lori alikuwa akitazama saa. Sebastiani alikuwa akimtazama mke wake.

Rhoda alikuwa amelala ubavu, macho nusu. Luciana akakaa kichwani pake, akampakata kwa mkono wake mmoja mzima. Akamtaja kwa jina, akamwuliza habari za nyumbani. Hakulia.

Lilipoondoka lori, Luciana aliniita niiname karibu.

"Wakituuliza nani alikuwa anaendesha," alinong'ona, "usiseme kitu. Niachie mimi."

"Luciana—"

"Mama Justa hafiki jioni, Eustaki. Unamwona. Wewe ukifungwa, mimi na mkono huu, Sharon anakula nini?"

Nilimtazama Mama Justa amelala kati ya magunia. Alikuwa mita moja kutoka tulipokuwa tunamgawia kosa langu.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

*

Hospitali walimpokea Rhoda kwanza, wakakimbia naye. Mama Justa wakampitisha mlango mwingine. Luciana akapelekwa kufungwa mkono. Mimi nikashonwa nyuzi saba, nikaambiwa nikae kwenye benchi.

Saa nane mchana Sebastiani alitoka. Akaja akakaa karibu yangu. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi la mpunga.

"Rhoda yuko hai," alisema.

"Tumshukuru Mungu."

"Mtoto hakupona. Wa kiume." Alijipangusa vumbi. "Daktari amesema tungewahi kidogo. Kama nusu saa."

Nilitazama sakafu. Nusu saa ni ule muda wa kutengeneza machela.

"Hatukuweza kuwaacha pale," Sebastiani alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namlaumu. "Si ndivyo, shemeji? Binadamu gani angewaacha?"

Nikamshika bega. Akainuka akarudi kwa mke wake.

Askari wa usalama barabarani akaja na daftari lake. Luciana alikuwa ameshatoka, mkono kwenye plasta, amekaa karibu nami.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Luciana alijibu kabla sijavuta pumzi. "Mama Justa, afande. Mwenye gari."

Askari aliandika. Halafu akaninyooshea kalamu. "Na wewe ulikaa wapi?"

Alikuwa anatazama paji la uso wangu, mahali penye nyuzi.

"Nyuma," nilisema.

"Nyuma upande gani?"

"Katikati. Ndiyo maana nikarushwa mbele."

Uongo wangu ulikuwa umekomaa. Ulikuwa na maelezo yake tayari kabla sijaulizwa. Akaandika hilo pia. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia fundi magari. Akaniuliza kama gari lilikuwa na hitilafu yoyote ninayoijua.

"Sijui, afande."

Alifunga daftari, akasema gari litavutwa likaguliwe, na sote tusisafiri.

*

Jioni, jua likiwa bado dirishani, akaja Mzee Isdori.

Huyo ndiye mume wa Mama Justa. Ni mzee wa kanisa, mrefu, mwembamba, hana maneno mengi. Walimfuata shambani Mollo alikokuwa akipura ulezi, na maganda yalikuwa bado yamemkaa kwenye nyusi. Alikwenda kwanza kumwona mke wake kupitia kioo. Alikaa pale muda mrefu, ameweka kiganja kwenye kioo. Kisha akapita kwa Sebastiani, wakaongea kwa Kifipa, sauti za chini. Kisha akaja kwangu.

Nilisimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, umeumia."

Hakukaa yeye. Alivua kofia yake, akaishika mbele kwa mikono miwili.

"Nimeongea na askari," alisema. "Ameniambia mke wangu ndiye aliyekuwa anaendesha."

Luciana akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa natazama ile kofia.

"Nilimkataza," Mzee Isdori aliendelea. "Nilimwambia, Justa, macho yako si yale ya zamani. Endesha mjini, nenda kanisani, nenda sokoni. Mteremko ule uache. Hakunisikia. Akiambiwa kuna mama anajifungua, hasikii la mtu." Alitulia, akapangusa mdomo kwa kofia. "Leo mtoto wa watu amekufa. Mkeo amevunjika. Wewe ulikuwa unaondoka unaacha mtoto. Mwenyewe hawezi kusema, basi namsemea mimi. Naomba mtusamehe."

Watu kwenye korido walikuwa wamegeuka. Mzee wa miaka sabini, kofia mkononi, anainama mbele ya kijana.

Nilijua neno lililotakiwa. Lilikuwa dogo kuliko yote niliyowahi kuhitajiwa kusema. Nililitafuta, nikamwona Sharon anatoka shule anakuta mlango umefungwa. Nikamwona askari na daftari lake.

"Tumekusamehe, mzee," nilisema.

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto kutokana na kazi. Aliushikilia wangu kwa muda, machozi yanamtoka bila sauti, akisema asante. Asante, mwanangu. Asante.

Nimefanya mabaya mengi katika hadithi hii, na wengine wenu mmeniandikia barua za matusi, mna haki. Lakini nikiulizwa siku ya mwisho lipi lilikuwa baya kuliko yote, nitasema ni hilo. Si oili, si mkanda. Ni kukubali kusamehe.

Luciana aliinuka, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo.

Mlango wa wodi ukafunguka. Nesi akachungulia.

"Ndugu wa Justa?"

Mzee Isdori aligeuka taratibu, kama mtu anayejua anachokwenda kuambiwa. Hata mimi nilidhani najua. Na Mungu anisamehe, kuna sehemu ndogo ndani yangu ilikuwa inaingoja habari hiyo.

"Amefumbua macho," nesi alisema. "Anaongea. Hatukutegemea. Njooni, lakini msimchoshe."

Mzee Isdori hakuniachia mkono. Alinivuta.

"Twende wote, Eustaki. Njoo umwambie mwenyewe. Itamponya."

"Mzee, mimi nisubiri nje."

"Hapana, mwanangu. Njoo."

Nilimtazama Luciana. Alikuwa amegeuka kutoka dirishani, uso umekuwa kama karatasi. Alitikisa kichwa kunikataza. Lakini nilikuwa nimeshavutwa, na watu walikuwa wanatazama.

Mama Justa alikuwa amelazwa chali, shingo imezungushiwa kitu kigumu, uso umevimba upande mmoja. Bila miwani alionekana mtu mwingine. Alimtazama mumewe, akasogeza vidole, mzee akavishika.

"Rhoda?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Yuko hai. Mtoto hapana."

Akafumba macho. Akakaa hivyo. Chozi moja likashuka kuelekea sikioni.

"Usijitese, Justa," Mzee Isdori alisema, akainama karibu naye. "Nimeshawaomba wote radhi kwa niaba yako. Ajali ni ajali. Ona, Eustaki huyu hapa. Amekusamehe."

Mama Justa akafumbua macho.

Hakumtazama mumewe. Alinitafuta, kwa shida, kwa sababu shingo haikugeuka, mpaka akanipata nilipojibanza miguuni pa kitanda. Akanitazama nyuzi zangu saba. Akanitazama machoni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anapima, kama alivyokuwa akinipima kule barabarani.

"Amenisamehe," alisema.

"Ndiyo, Justa. Amesema mbele za watu."

Mashine iliyo kando yake ilikuwa inahesabu.

"Isdori," alisema, "hebu toka nje na huyu nesi. Niacheni na Eustaki kidogo."

Mzee akanipigapiga begani akipita. Nesi akamfuata, na mlango ukafungwa.